Kununua jina la kikoa kwa eskro: mwongozo kamili kwa mnunuzi

Umepata jina la biashara, ukaliandika na .com mwishoni, ukakuta lina mwenyewe. Ukamwandikia. Akajibu kwamba anauza, dola 1,800, na hapunguzi. Yeye yuko Texas, wewe uko Arusha. Hamjuani na hamtaonana, kwa hiyo hakuna nipe nikupe: mmoja lazima atangulize. Ukituma pesa kwanza, anaweza kunyamaza. Akihamisha jina kwanza, unaweza kunyamaza wewe, na hilo yeye analifikiria sana.

Eskro inamaliza mvutano huo. Kampuni ya tatu inapokea pesa zako na kuzishikilia, inamjulisha muuzaji kuwa zimeingia, naye anakuhamishia jina. Ukishalikagua na kuthibitisha kuwa limefika, ndipo analipwa. Waliowahi kununua kiwanja kupitia wakili wanaujua utaratibu huu: pesa hukaa kwake mpaka hati ibadilishwe. Wanajua pia kwamba wakili anaweza kushika pesa kwa uaminifu wote huku kiwanja chenyewe kikiwa na wenyewe wanne. Kampuni ya eskro haichunguzi kama jina ni la wizi, kama lina mgogoro wa alama ya biashara, wala kama lilitumika kusambaza virusi. Kazi hiyo ni yako, na inafanyika kabla ya pesa kutoka. Kwangu mimi ndiyo nusu ya kazi yote, kwa hiyo naanza nayo.

Hatua ya 1: Lichunguze jina kabla hujakubali bei

Fungua lookup.icann.org (ICANN ni shirika linalosimamia majina ya vikoa duniani), andika jina, soma kinachotoka. Usitegemee kuona jina na simu ya mmiliki. Tangu sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ianze kutumika Mei 2018, wasajili wengi, yaani kampuni zinazosajili majina, huficha taarifa hizo. Chombo chenyewe nacho kimebadilika. WHOIS tuliyoizoea, huduma ya kuulizia usajili wa jina, imepisha huduma mpya iitwayo RDAP, na tangu tarehe 28 Januari 2025 wasajili wa vikoa kama .com hawalazimiki tena kuiendesha WHOIS.

Angalia kwanza tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya kuisha. Jina linaloisha wiki mbili zijazo linaweza kukwisha muda mkiwa katikati ya shughuli, kwa hiyo mtake muuzaji alihuishe kwanza. Kisha angalia msajili ni nani, yaani kampuni ambako jina limelala sasa, na kama kuna dalili kwamba lilihamishwa karibuni. Mwisho soma hali ya jina, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hupita bila kutazama.

Ukiona "clientTransferProhibited", usishtuke. Hiyo ni kufuli ya kawaida ambayo muuzaji anaifungua mwenyewe kwenye akaunti yake. "serverTransferProhibited" ni jambo jingine: kufuli hiyo imewekwa na sajili kuu, inayotunza orodha ya majina yote yenye mwisho huo, ambayo kwa .com ni Verisign. Inaweza kuwa mwenyewe alilipia ulinzi wa ziada, na inaweza kuwa kuna mgogoro. Muulize, na utake jibu la maandishi. "redemptionPeriod" maana yake jina limekwisha muda na limefutwa; mmiliki wa zamani ana siku 30 za kulikomboa kwa ada. Baada ya hapo linaingia "pendingDelete" kwa siku 5, na katika siku hizo hakuna mtu anayeweza kulihamisha. Mtu akikuuzia jina lililo katika hali hizi mbili, anakuuzia kitu ambacho hawezi kukupa siku hiyo.

Sasa twende kwenye wizi, maana vikoa huibwa. Mwaka 2006 jina p2p.com liliibwa kwenye akaunti ya wenyewe huko Marekani, likauzwa kwenye mnada wa eBay kwa zaidi ya dola 110,000. Aliyelinunua alikuwa Mark Madsen, mchezaji wa mpira wa kikapu wa NBA, ambaye hakujua kwamba ananunua mali ya wizi. Mwizi alikuja kukamatwa 2009. Kisa cha perl.com kinafundisha zaidi. Jina hilo la tovuti ya lugha ya programu ya Perl lilikuwa mikononi mwa watu walewale tangu miaka ya 1990. Mwishoni mwa Januari 2021 ikagundulika kwamba jina halipo tena mikononi mwao. Waliolisimamia walieleza baadaye kwamba inaelekea wezi walimlaghai msajili kwa nyaraka za uongo miezi kadhaa kabla. Desemba 2020 jina likahamishiwa kwa msajili wa China, seva za majina (zinazoelekeza jina kwenye tovuti na barua zake) zikaachwa bila kuguswa ili mwenyewe asishtuke, na Januari likahamishiwa tena kwa msajili wa Ujerumani. Punde likaonekana sokoni kwa dola 190,000. Wenyewe walilirudisha Februari.

Fikiria mnunuzi wa perl.com angefanya nini. Angelipa kupitia eskro halali, angehamishiwa jina, angekagua, angethibitisha. Kila hatua sahihi, na bado angebaki mikono mitupu jina likirudishwa kwa mwenyewe. Kilichoweza kumwokoa ni kuuliza kwa nini jina lililotulia mahali pamoja miaka mingi limebadilisha wasajili wawili ndani ya wiki chache, halafu linauzwa.

Kwa hiyo nenda web.archive.org uone jina lilikuwa na nini miaka iliyopita. Ukikuta ukurasa mtupu wa "jina hili linauzwa" tangu 2012, vizuri, huyo ni mfanyabiashara wa majina. Ukikuta duka, shule au kampuni iliyokuwa hai mpaka miezi michache nyuma, na sasa anayeuza ni mtu wa Gmail, chukua simu au anwani iliyo kwenye kurasa za zamani uwaulize wenyewe: mmeliuza? Swali hilo linachukua dakika tano. Muuzaji halali hawezi kuchukia ukiliuliza.

Upande wa alama za biashara, wengi hudhani wakishanunua kwa pesa halali wamemaliza. Sivyo. Kuna utaratibu unaoitwa UDRP, uliopitishwa na ICANN mwaka 1999, unaomwezesha mwenye alama ya biashara kukunyang'anya jina bila kwenda mahakamani. Akipeleka shauri WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, kuhusu jina moja mbele ya mwamuzi mmoja, ada ni dola 1,500. Kwa kampuni kubwa hizo ni pesa za chai. Lazima aonyeshe mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Na usijifariji kwamba jina lilisajiliwa 1998 kabla alama haijakuwapo; waamuzi wa WIPO hulichukulia jina lililouzwa kwa mtu mwingine kama lililosajiliwa upya siku alipolipata. Umri wa jina hauhami pamoja na jina. Tafuta kwenye kanzidata ya alama ya WIPO, kisha kwenye ofisi inayosajili alama: BRELA ukiwa Tanzania au KIPI ukiwa Kenya.

Kukagua sifa ya jina hakuchukui muda mrefu. Andika site: na jina lako kwenye Google uone kinachotoka, pitisha jina kwenye ukurasa wa Safe Browsing wa Google, unaoonyesha tovuti hatari, na ulitazame kwenye orodha za Spamhaus za wanaotuma barua taka. Jina lililochafuka barua zake huangukia kwenye taka, na kulisafisha huchukua muda kuliko wengi wanavyodhani.

Hatua ya 2: Mtake muuzaji aonyeshe kwamba jina liko mkononi mwake

Mwambie aongeze rekodi ya TXT, yaani mstari wa maandishi, kwenye DNS ya jina hilo (mipangilio inayosema jina lielekee wapi), yenye maneno utakayomtajia wewe, kwa mfano herufi na namba ulizobuni papo hapo. Ukiyaona maneno hayo kwenye chombo chochote cha kusoma DNS, unajua anaweza kuingia na kubadilisha mipangilio. Picha ya skrini ya dashibodi haitoshi. Hiyo mtu anaichora kwa dakika kumi.

Kumbuka lakini kwamba aliyeiba jina naye anaweza kuweka rekodi ya TXT. Jaribio hili linawaondoa matapeli wa kawaida wanaouza majina wasiyowahi kuyashika. Haliondoi wezi wa kweli, na ndiyo maana Hatua ya 1 haifutwi na hii.

Ukimpata dalali, na majina ghali mara nyingi yana dalali, muulize kama ana idhini ya maandishi ya mwenye jina, na jaribio la TXT lifanyike vilevile.

Hatua ya 3: Andikeni makubaliano kabla ya kufungua eskro

Mkigombana, kitakachosomwa ni mlichoandika kwenye shughuli, basi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ujumbe wa barua pepe wenye mambo yafuatayo, na jibu la "nakubali", unatosha kwa jina la bei hii:

- Jina lenyewe, herufi kwa herufi, pamoja na mwisho wake. Herufi l na tarakimu 1 hufanana.
- Bei na sarafu.
- Nani analipa ada ya eskro. Wengi hugawana nusu kwa nusu, au mnunuzi anaibeba yote.
- Kinachouzwa ni jina tupu au pamoja na tovuti, nembo na akaunti za mitandao ya kijamii. Usipoandika, hesabu kwamba ni jina tupu.
- Njia ya kukabidhi (nitaieleza kwenye Hatua ya 6) na muuzaji ana siku ngapi za kukabidhi baada ya pesa kuingia.
- Siku za ukaguzi. Kwa jina la kawaida omba 3 hadi 5. Muuzaji anayeng'ang'ania siku 1 anataka usipate nafasi ya kutazama.
- Maana ya "limefika". Andika wazi: jina linahesabiwa limefika litakapoonekana ndani ya akaunti ya mnunuzi kwa msajili aliyetajwa, mnunuzi akiwa na uwezo wa kubadilisha seva za majina na taarifa za mmiliki.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho ningekipigania. Kuna wauzaji wanaoelekeza tu jina kwenye seva yako, tovuti yako inafunguka, wanakwambia tumemaliza. Jina bado ni lao, na kesho wanaweza kulielekeza kwingine.

Hatua ya 4: Fungua shughuli mwenyewe, kwa kampuni uliyoithibitisha

Kampuni inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni Escrow.com. Ilianzishwa 1999, mwaka 2015 ikanunuliwa na Freelancer ya Australia, na ina leseni ya jimbo la California. Masoko ya majina kama Sedo ya Ujerumani nayo yana huduma yao ya kushika pesa na kuhamisha jina. Sitakuchagulia; ninachosisitiza ni namna unavyofika kwenye tovuti yao.

Utapeli uliozoeleka kuliko wote katika biashara hii hauhusu jina, unahusu eskro yenyewe. Muuzaji anakwambia, kwa upole kabisa, "tutumie kampuni ninayoiamini", anakutumia kiungo. Tovuti ni nzuri, ina https mwanzoni mwa anwani, ina watu wa kujibu maswali usiku na mchana. Unalipa, na muuzaji, kampuni na tovuti vinapotea siku moja, kwa sababu vyote vitatu ni mtu mmoja. Wengine huiga kampuni halali kwa kubadilisha herufi au kuongeza kistari.

Kwa hiyo usifuate kiungo cha muuzaji hata kama kinaonekana sawa. Andika anwani kwa mkono kwenye kivinjari. Kama kampuni huijui, tafuta leseni yake kwa aliyeitoa, si kwenye picha ya cheti iliyo chini ya tovuti yao. Idara ya California inayosimamia kampuni hizi, DFPI, ina ukurasa wa kutafuta wenye leseni na hutangaza pia tovuti bandia za eskro. Pitisha jina la tovuti ya eskro kwenye lookup.icann.org vilevile, kampuni inayojisifu kuwa na miaka ishirini ya uzoefu huku kikoa chake kilisajiliwa mwezi uliopita imejieleza yenyewe. Na hakuna eskro halali itakayokuomba utume pesa kwa Western Union, kwa kadi za zawadi, au kwa akaunti binafsi ya "mhasibu".

Ukishaingia, fungua akaunti, chagua wewe ni mnunuzi, weka barua pepe ya muuzaji, eleza masharti mliyoandikiana, weka siku za ukaguzi. Muuzaji atapata taarifa, ataingia, atakubali. Kabla ya hapo usilipe.

Utaombwa kuthibitisha wewe ni nani: pasipoti au kitambulisho, ushahidi wa makazi, na ukinunua kwa jina la kampuni, hati za usajili wake. Andaa hivi mapema, kwa sababu shughuli nyingi za watu wa kwetu hukwama hapa, si kwenye pesa. Jina kwenye kitambulisho, jina kwenye akaunti ya eskro na jina kwenye akaunti ya benki viwe kitu kimoja. Kama benki inakujua kwa majina matatu na pasipoti ina mawili, waeleze kabla hujalipa.

Hatua ya 5: Lipa, na lipa kiasi kamili

Kadi ni rahisi lakini mara nyingi ina kikomo cha kiasi na ada ya juu zaidi. Kwa dola 1,800 na kuendelea, wengi hutuma kwa benki, ile tunayoiita TT. Mambo matatu huharibu TT.

La kwanza ni makato ya njiani. Dola zikitoka Dar es Salaam au Nairobi hupita benki moja au mbili za kati, na kila moja inaweza kukata chake. Kwenye fomu kuna chaguo la nani anabeba gharama: OUR (mtumaji), SHA (mnagawana) au BEN (mpokeaji). Ukiacha SHA, eskro inaweza kupokea pungufu, tuseme dola 25 chini ya bei na ada yake. Shughuli inasimama mpaka umalizie, na kumalizia dola 25 kwa TT nyingine ni uchungu mtupu. Chagua OUR, na muulize afisa wa benki kama OUR yao inagharimia benki za kati au ni ya upande wao tu.

La pili ni namba ya shughuli. Kampuni itakupa namba ya kuandika kwenye sehemu ya maelezo. Bila hiyo pesa zako zinafika kwenye akaunti yenye malipo ya maelfu ya watu, na kukutafuta kunachukua siku.

La tatu ni jina la anayelipa. Huduma nyingi hukataa pesa kutoka kwa mtu asiye kwenye shughuli. Ukimwomba shemeji yako aliye Minnesota alipe kwa akaunti yake kwa sababu huko ni rahisi, pesa zitarudishwa na muda utapotea. Kama yeye ndiye mwenye njia ya kulipa, basi yeye awe mnunuzi kwenye eskro tangu mwanzo, halafu akuhamishie jina baadaye.

Benki itataka kujua unalipia nini. Chapisha ukurasa wa maelezo ya malipo kutoka eskro pamoja na makubaliano yenu, uwapelekee. Kisha omba nakala ya SWIFT, uthibitisho wa benki kwamba pesa zimetumwa, na uihifadhi. TT kwa kawaida huchukua siku 2 hadi 5 za kazi. Ukituma Ijumaa mchana usianze kuhangaika Jumapili.

Kuna onyo moja hapa. Maelezo ya akaunti ya kulipia yachukue ndani ya akaunti yako ya eskro, uliyoifungua kwa kuandika anwani mwenyewe. Ikija barua pepe inayosema "akaunti yetu imebadilika, tumia hii", usijibu na usipige namba iliyo humo.

Hatua ya 6: Uhamisho wa jina

Eskro ikishathibitisha pesa, muuzaji anaanza kazi. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kuhamisha ndani kwa ndani. Unafungua akaunti bure kwa msajili yuleyule wa muuzaji, unampa barua pepe au namba ya akaunti hiyo, naye analisogeza jina kutoka kwake kuja kwako. Huchukua dakika, pengine saa kadhaa. Hakuna cha kulipa, na tarehe ya kuisha inabaki ileile. Mimi hushauri njia hii kila inapowezekana, hata kama msajili huyo humpendi; utahama baadaye.

Ya pili ni kuhamisha kwenda kwa msajili wako. Muuzaji anafungua kufuli, anachukua msimbo wa EPP, neno la siri la kuruhusu uhamisho, unauingiza kwa msajili wako na kulipia mwaka mmoja, ambao kwa .com unaongezwa kwenye muda uliobaki. Msajili wa muuzaji asipojibu mapema, uhamisho unakamilika baada ya siku 5; wakati huo hali ya jina inasomeka "pendingTransfer". Kama muuzaji anasema msajili wake anagoma kumpa msimbo, mkumbushe kwamba kwa kanuni za ICANN msajili anapaswa kuutoa ndani ya siku 5 tangu aombwe.

Kinachovuruga njia hii ya pili ni kufuli za siku 60. Jina lililosajiliwa karibuni, au lililotoka kuhamishwa kwa msajili mwingine, hufungiwa siku 60. Na tangu Desemba 2016, kubadilisha jina au barua pepe ya mmiliki kunaweza kuleta kufuli hiyohiyo, isipokuwa msajili anaruhusu kuikataa kabla ya mabadiliko. Ndiyo maana mpangilio una maana: ukitaka kuhama msajili, muuzaji asibadilishe taarifa za mmiliki kwanza. Fanyeni uhamisho, taarifa zibadilike upande wa pili. Kama kufuli tayari ipo, tumieni njia ya ndani kwa ndani, maana hiyo haizuiwi na kufuli ya kuhama msajili.

Kama jina lina DNSSEC, saini za usalama za DNS, muuzaji aizime kabla. Ukiirithi bila kujua kisha ukabadilisha seva za majina, tovuti haitafunguka kwa watu wengi na utatafuta kosa mahali lisipo.

Hatua ya 7: Ukaguzi, kabla ya kubonyeza kitufe

Muda wa ukaguzi unaanza kuhesabiwa muuzaji anapotangaza amekabidhi. Kwenye huduma nyingi, ukikaa kimya mpaka siku ziishe unahesabiwa umekubali na pesa zinakwenda. Kwa hiyo weka kengele kwenye simu.

Ingia kwenye akaunti yako ya msajili. Jina lipo? Badilisha seva za majina wewe mwenyewe uone kama mabadiliko yanashika. Badilisha barua pepe na taarifa za mmiliki ziwe zako, ukijua kwamba kufuli ya siku 60 inaweza kuanza hapo, na wakati huu haikusumbui. Msajili atakutumia barua ya kuthibitisha anwani; ibonyeze siku hiyohiyo, kwa sababu usipothibitisha ndani ya siku 15 jina linaweza kusimamishwa. Kisha rudi lookup.icann.org uhakikishe msajili na tarehe ya kuisha ni kama mlivyokubaliana. Ondoa rekodi zote za zamani za DNS, hasa za barua pepe, maana rekodi ya MX iliyobaki inapeleka barua za wateja wako kwa mwenye jina wa jana. Funga kufuli, washa uthibitisho wa hatua mbili, weka malipo ya kuhuisha yajiendeshe.

Hapo katikati muuzaji anaweza kuanza kukupigia: mtoto anaumwa, kodi ya nyumba, benki inafunga, bonyeza tu. Mjibu kwa heshima kwamba utabonyeza ukimaliza. Ukibonyeza, eskro haina tena kitu cha kushikilia kwa niaba yako.

Kama jina halikufika au si lile, bonyeza kukataa, eleza sababu kwa maneno yaleyale ya makubaliano, ambatisha picha na matokeo ya RDAP. Pesa zinaendelea kushikiliwa. Kampuni ya eskro si hakimu; mkishindwa kuelewana, kanuni zake kwa kawaida zinawapeleka kwenye usuluhishi, na hapo kile kifungu cha "limefika" ndicho utakachokishika.

Jina la bei ndogo, na jina la .tz au .ke

Ada ya eskro ni asilimia ya bei, lakini ina kiwango cha chini. Kwa jina la dola 150, kiwango hicho pamoja na gharama ya TT vinaweza kukula vibaya. Tumia kikokotoo cha ada kilicho kwenye tovuti yao kabla hujaahidi chochote. Kwa bei hizo mwombe muuzaji aliweke jina kwenye soko kama Sedo au Afternic kwa bei mliyokubaliana, ulinunue huko kwa kadi. Soko linashika pesa na kusimamia uhamisho.

Vikoa vya nchi vina kanuni zake. Hizo siku 60, msimbo wa siku 5 na mwaka wa nyongeza ni kanuni za ICANN kwa .com na wenzake; .tz iko chini ya uangalizi wa TCRA, .ke iko KeNIC, na taarifa za umiliki zitafute kwao. Kabla ya kupanga bei, mpigie msajili wa jina hilo umuulize: ili kubadilisha mmiliki mnataka nyaraka gani, kutoka kwa nani, na huchukua siku ngapi? Kwa shughuli ya wawili walio nchi moja, wakili mwenye akaunti ya wateja anaweza kushika pesa kwa mkataba wa kurasa mbili, naye mnaweza kumfikia ofisini. Andikeni bei kwa shilingi. Tanzania kanuni za 2025 zinakataza kunukuu au kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa biashara ya ndani, na mkataba wa dola kati ya mtu wa Mwanza na mtu wa Mbeya utawaletea shida ambayo kikoa hakikuwa nayo.